Kabla ya kuibadili Land Rover 109, tuweke grenda chini kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie ubishi unaowagawa wenye pikapu za Land Rover 109 (namba hiyo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), hasa huku Arusha, Manyara na Kilimanjaro ambako magari haya bado yanabeba mahindi, mbuzi wa mnadani na madumu ya maziwa. Upande mmoja unasema gari libaki kama lilivyotoka kiwandani, hata nati isiguswe. Upande wa pili unasema gari ni la kazi: tia injini ya Toyota, inua springi, funga matairi mapana, maisha yaendelee. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 liliyakutanisha magari ya kila namna, yaliyohifadhiwa na yaliyobadilishwa, lakini ubishi wenyewe haujapata mwamuzi.

Naona pande zote mbili zinabishania injini wakati kinachomaliza magari haya ni grenda. Injini huingia na kutoka kwa bolti. Chesisi iliyokatwa, au ukuta wa injini, ule unaotenga injini na kabini, uliotobolewa ili injini ya gari jingine ienee, haurudi tena. Kwa hiyo napendekeza kipimo kimoja: kabla ya kubadili chochote, mwenye gari na fundi wake waulizane kama badiliko hilo linaweza kufunguliwa kwa spana na kifaa cha zamani kikarudi mahali pake bila kuchomelea. Likiwezekana, fanya ukiona lina faida. Lisipowezekana, mwenye gari aelezwe wazi anachopoteza kabla cheche hazijaanza kuruka.

Gari lenyewe linasaidia kipimo hiki. Pikapu ya 109, iwe Series II ya mwaka 1958, IIA ya kuanzia 1961 au Series III ya 1971 hadi 1985, imeundwa kwa vipande vinavyofungwa kwa bolti. Bodi ni ya aluminiamu. Mapaja, milango, paa la kabini na karai la mizigo vyote vinafunguka. Vyuma viwili tu ndivyo uti wa mgongo: chesisi, ambayo ni mabati yenye unene wa takribani milimita 2 yaliyochomelewa yakawa boksi, na ukuta wa injini unaobeba bawaba za milango na usukani. Hivyo viwili vikiwa vizima, gari linafufuka hata kama limekaa chini ya mti miaka ishirini. Vikiharibika, hata injini mpya haitaliokoa.

Basi kazi ya kwanza kwa kila mwenye 109, awe wa upande wowote, ni kulala chini ya gari na nyundo ndogo. Gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinatoa sauti nzito kama unagonga gunia. Gonga boriti ya nyuma, mikono inayoshikilia ukuta wa injini, masikio ya springi, na sehemu iliyo juu ya tangi la mafuta ambako tope hukaa bila kuonekana. Kutu ya chesisi hii huanzia ndani. Matope huingia kupitia matundu ya kutolea maji, yanaziba, na kila mvua inaongeza unyevu usiokauka. Magari yaliyofanya kazi Tanga, Mombasa na Zanzibar yana chumvi ya bahari juu ya hayo. Zibua matundu yote, ingiza mpira wa maji wenye presha ndani ya boksi mpaka maji yatoke safi, acha likauke siku kadhaa juani, kisha nyunyizia mafuta mazito au nta ya kuzuia kutu kwa ndani. Kazi hiyo ni ya bei ndogo kuliko zote nitakazotaja, na watu wengi hawaifanyi.

Panapotakiwa kiraka, kosa la kila siku ni kubandika bati juu ya kutu. Bati linaonekana imara, lakini chuma cha chini kinaendelea kuliwa, na baada ya mvua za misimu miwili nyufa zinatokea pembeni mwa uchomeleaji. Kata mpaka ufike kwenye chuma cheupe, tumia bati la milimita 2.5 hadi 3, lichomelewe kwa vipande vifupi ukiruka huku na huku ili chesisi isijipinde. Kwa fimbo za milimita 2.5, ampea 70 hadi 90 zinatosha, ukizidisha unatoboa. Fungua nyaya za betri na alteneta kabla ya kuanza, na tangi la mafuta litoke kabisa kwenye gari. Hapa grenda inaruhusiwa, kwa sababu inarudisha umbo la kiwandani.

Kuna sehemu moja naomba isiguswe bila kufikiri. Namba ya chesisi kwenye Series II na III imegongwa kwenye sikio la springi ya mbele, upande wa kulia. Fundi akilibadilisha sikio hilo, au akilisaga ili apige rangi vizuri, namba inakwenda nayo. Gari limebaki na kadi isiyolingana na chuma, na siku ya ukaguzi au ya kuuza mwenye gari ndiye anayeanza kuzunguka ofisi kujieleza. Piga picha ya namba hiyo leo, kabla haijaanza kazi yoyote.

Sasa injini, maana ndiyo inayopigiwa kelele. Malalamiko makubwa dhidi ya injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2286 ni kwamba inakunywa mafuta. Ikiwa nzima, 109 inakwenda kilomita 5 hadi 6 kwa lita. Ni matumizi makubwa, lakini gari linalokwenda kilomita 3 halina tatizo la ukubwa wa injini, ni injini haijarekebishwa. Anza na mwanya wa tapeti (nafasi kati ya roka na valvu), ambao ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25, kwa valvu zote. Kontakti pointi ziwe milimita 0.35 hadi 0.40, na plagi 0.75 hadi 0.80. Mrija mwembamba wa vakyumu kati ya kabureta na distribyuta mara nyingi umekatika au umezibwa kwa msumari. Ukikosekana, cheche haitangulii wakati gari linatembea kwa mguu mwepesi, na mafuta yanapotea bure.

Kisha njoo kwenye kabureta ya Zenith. Uso unaokutanisha kipande cha juu na cha chini hujipinda kwa sababu mafundi hukaza skrubu kwa nguvu wakidhani wanazuia uvujaji. Weka rula ya chuma juu ya uso huo na upitishe fila geji ya milimita 0.05. Ikipita, petroli inavutwa kupitia ufa huo bila kupimwa na jeti, na ndipo injini inaponguruma vibaya ikiwa taratibu huku moshi mweusi ukitoka. Dawa yake ni karatasi ya msasa namba 400 iliyolazwa juu ya kioo bapa, maji kidogo, na kusugua kipande kwa mwendo wa namba nane mpaka uso wote uwe na rangi moja. Badilisha na kile kipete cha mpira kilicho ndani, kisha ukaze skrubu kwa zamu, kwa mkono wa wastani. Nusu siku imetosha. Kuna injini zimeng'olewa na kuuzwa kwa kilo kwa sababu hakuna aliyetumia nusu siku hiyo.

Kosa jingine ni kutoa themostati, kile kizuizi cha maji kinachosubiri injini ipate moto. Gari likichemka, jambo la kwanza watu hufanya ni kuing'oa na kuitupa. Injini inabaki ya baridi, oili inajaa unyevu na tope, ringi zinalika haraka, na mafuta yanazidi. Kinachochemsha gari kwa kawaida ni rejeta iliyoziba, mkanda wa feni uliolegea, au kifuniko cha rejeta kisichoshika presha. Rejeta ipelekwe kwa fundi aifungue juu na chini, mirija izibuliwe kwa ufito mmoja mmoja. Themostati irudi mahali pake.

Kwa injini ya dizeli ya ukubwa huohuo, yenye nguvu za farasi 62, mambo mawili yanaleta sifa mbaya. Hita plagi za zamani, zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha, zimeunganishwa kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, hivyo ikiungua moja zote nne zinalala na gari haliwaki asubuhi ya baridi ya Karatu au Lushoto. Hapa mimi nashauri kubadili: funga hita plagi za volti 12 za aina ya kalamu, kila moja na waya wake kutoka kwenye swichi, na uondoe ile rezista iliyo kwenye ukuta wa injini. Hakuna kinachokatwa. La pili ni cheni ya taimingi. Ikinyooka kwa uzee, pampu inachelewa kupuliza, moshi unakuwa mweupe kisha mweusi, gari linakosa nguvu mlimani, na watu wanasema pampu imekufa. Pima cheni kabla ya kupeleka pampu kalibresheni. Tena injini hizi zote za lita 2.25 kabla ya 1980 zina krenki shafti yenye beringi kuu tatu; baada ya hapo zikawa tano. Yenye tatu haipendi kukimbizwa. Anayetaka kwenda nayo kilomita 100 kwa saa kati ya Moshi na Dar es Salaam anatafuta gari jingine.

Najua wapo ambao injini yao imekwisha kweli, bloku imepasuka au krenki imesagwa mpaka haina saizi tena. Kwao kubadili injini ni halali, na hapa naomba tuangalie mnyororo mzima. Injini ya dizeli yenye tabo ya 200Tdi, ya sentimita za ujazo 2495, inatoka kwenye ukoo uleule wa bloku za Land Rover, ndiyo maana inakutana na giaboksi ya Series kwa marekebisho madogo ya stadi na bushi ya katikati ya krenki. Lakini msokoto wake ni takribani niutoni mita 255, wakati dizeli ya zamani inatoa 140. Ni zaidi kwa asilimia 80, na msokoto huo unapita kwenye giaboksi ileile na hafushafti zilezile, yaani shafti zinazozungusha magurudumu.

Kitu cha kwanza kuvunjika ni hafushafti ya nyuma kwenye akseli za zamani, zile zenye meno kumi. Inakatika kwenye mizizi ya meno, mara nyingi gari likiwa na mzigo na dereva ameachia klachi ghafla. 109 nyingi za Series III zina akseli nene ya Salisbury. Utaitambua kwa sahani ya duara ya nyuma iliyofungwa kwa bolti kumi. Hiyo inastahimili. Mwenye akseli nyembamba atafute kwanza ya Salisbury, inayofungwa kwenye springi zilezile, ndipo aongee habari ya injini.

Halafu kuna uwiano wa difu. Difu ya kiwandani ni 4.7, yaani propela shafti inazunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja. Kwa matairi ya 7.50-16, gia ya nne, injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika gari linakwenda takribani kilomita 80 kwa saa. Watu wakishafunga Tdi wanaona injini inalia bure, wanatia difu za 3.54 kutoka kwenye Range Rover au Discovery. Mzunguko uleule sasa ni zaidi ya kilomita 105 kwa saa. Breki ni zilezile za dramu za inchi 11, pengine bila sevo ya kumsaidia dereva kukanyaga, pengine zenye bomba moja linalohudumia magurudumu yote manne. Namba hiyo ndiyo inayonitisha. Gari la tani moja ya mzigo linaloshuka mlima wa Kitonga au wa Sekenke kwa kasi ambayo breki zake hazikuwahi kuitarajia haliulizi kama injini ni orijino. Na anayebadili difu ya nyuma peke yake, mbele ikabaki 4.7, siku atakapotia gia ya magurudumu manne kwenye ardhi ngumu atasikia kitu kinapasuka ndani ya giaboksi. Ziwe sawa mbele na nyuma, daima.

Anayetaka tu injini itulie barabarani anayo njia ya kistaarabu zaidi: ovadraivu ya Fairey, inayofungwa nyuma ya giaboksi ndogo (ile inayogawa nguvu mbele na nyuma) kwa nati chache na kupunguza mzunguko wa injini kwa kadiri ya asilimia 22 kwenye kasi ileile. Ikitoka, gari limerudi kama lilivyokuwa. Iangaliwe oili mara kwa mara, maana inabeba kidogo sana, na isitumike kuvuta mzigo mzito mlimani.

Injini za Toyota 2L na 3L, Isuzu 4JA1 na Nissan TD27 zinafungwa sana kwa sababu zinapatikana. Sina ugomvi nazo zenyewe. Tatizo liko kwenye bamba la kuunganishia injini na giaboksi, linalochongwa kwa macho. Katikati ya krenki na katikati ya shafti ya giaboksi vikipishana hata sehemu chache za kumi za milimita, beringi ya mbele ya giaboksi inalia ndani ya miezi michache, klachi inatetemeka wakati wa kuondoka, na gia ya kwanza inaruka. Bamba lichongwe kwenye leithi, lipimwe kwa dayo geji (kipimo chenye mshale kama saa) iliyofungwa kwenye flaiwili na kuzungushwa duara zima, na liwe na pini mbili za kulishika mahali pake, kwa sababu bolti peke yake hazielekezi kitu katikati. Fundi asiye na dayo geji asichukue kazi hiyo.

Kwa injini ya 1HZ ya Land Cruiser, yenye silinda sita na ujazo wa 4164, msimamo wangu ni mkali zaidi. Ni injini bora kabisa, ndani ya Land Cruiser. Kwenye 109 haienei bila kukata ukuta wa injini au kusogeza rejeta mbele mpaka kwenye grili. Uzito unaelemea springi za mbele, usukani unakuwa mzito, watu wanatafuta usukani wa pawa, boksi lake linachomelewa kwenye chesisi, na chesisi inapasuka pale pale. Kila hatua imeita nyingine. Mwishoni mwenye gari ametumia fedha ambazo zingemnunulia pikapu ya Land Cruiser iliyo nzima, na Land Rover moja imetoweka.

Kwenye springi mnyororo ni huohuo. Mzigo ukizidi, fundi anaongeza jani. Nyuma inainuka, pembe ya propela shafti inabadilika, krosi zinalika mapema, na kwa kuwa springi haijikunji tena, pigo lote la shimo linapokelewa na masikio ya chesisi. Kabla ya kuongeza jani, fungua springi, sugua kutu kati ya majani, paka grisi, badilisha bushi. Springi iliyoshikana kwa kutu inafanya kazi kama ubao. Na wakati wa kurudisha, bolti za springi zisikazwe gari likiwa juu ya jeki. Ziingize, zikaze kwa mkono, shusha gari likae kwa uzito wake, lisukume juu na chini mara kadhaa, ndipo ukaze kabisa. Bushi hizi ni mpira ulioshikana na chuma pande zote mbili. Ukizikaza springi ikiwa inaning'inia, zinabaki zimejisokota gari likikaa chini, na mpira unachanika ndani ya wiki chache. Bushi nyingi zinazoitwa feki zimekufa kwa kosa hili.

Matairi mapana nayapitia haraka: yanapendeza, yanalemea usukani, yanakula beringi za mbele. 7.50-16 ndiyo saizi yake, na bado inapatikana kila mji.

Nigeukie upande wa pili, wale wa orijino tupu, maana nao wana lao. Kushikilia breki za bomba moja kwa sababu ndivyo kiwanda kilivyotoa mwaka 1965 ni kosa. Silinda moja ya gurudumu ikivuja, pedali inazama mpaka chini na gari zima halina breki. Masta silinda ya mifumo miwili pamoja na sevo ya Series III ya mwisho inaingia na pedali zake, mabomba machache yanabadilishwa, hakuna chesisi inayokatwa. Zile za zamani zifungwe kwenye mfuko zihifadhiwe. Breki zenyewe zirekebishwe inavyotakiwa: inua gurudumu, kaza kirekebishi cha kila brekishuu mpaka gurudumu ligome, kisha rudisha kidogo mpaka lizunguke huru. Mbele kila gurudumu lina virekebishi viwili. Kuna watu wamemiliki gari miaka kumi wakigusa kimoja. Silinda za mbele za kushoto na kulia zisibadilishane upande. Na ndani ya mfumo huo iingie oili ya breki ya DOT 3 au DOT 4 tu. Oili ya injini au ya haidroliki inavimbisha mipira yote, na baada ya siku chache breki zinashika zenyewe bila kuachia.

Umeme nao usiabudiwe. Series II na IIA zina fyuzi mbili tu kwa gari zima. Dainamo haiwezi kubeba taa za leo. Funga alteneta, lakini kumbuka magari ya kabla ya 1967 hivi yana chanya kwenye bodi. Ukifunga alteneta bila kugeuza betri, alteneta inaungua papo hapo. Geuza nyaya za betri na za koili, kagua amita, ndipo uwashe. Balbu za wati 60 mbili zinavuta ampea 10, ambazo swichi ya zamani ya taa haikuumbwa kuzibeba. Weka rilei (swichi inayoamriwa kwa umeme) ya ampea 30 na waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, ile swichi ya zamani ibaki kazi ya kuamuru rilei tu. Mikanda ya usalama ifungwe. Hakuna jaji wa maonyesho mwenye akili atakayekukata alama kwa mkanda.

Kitu kidogo kinachoharibu magari haya zaidi ya injini za kigeni, na ambacho hakitajwi, ni bolti. Land Rover hizi zimefungwa kwa inchi. Bolti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, na ya M8, ya kipimo cha metriki, ina milimita 8. Kwa jicho ni moja. Lakini hatua ya nyuzi, yaani umbali kutoka uzi mmoja hadi wa pili, kwa 5/16 UNF (nyuzi laini za inchi) ni milimita 1.06, ya M8 ya kawaida ni 1.25. Unaiingiza, inakubali mizunguko miwili, inakaza. Fundi anadhani imefika, anaongeza nguvu, nyuzi zinachanika. Kwenye chuma utatengeneza. Kwenye kava ya aluminiamu ya giaboksi umemaliza. Vivyo hivyo spana ya 13 inashika nati ya 1/2 ikiwa na mwanya wa milimita 0.3, unaotosha kuviringisha kona zote sita siku nati ikiwa na kutu. Seti ya spana za inchi, yaani 7/16, 1/2, 9/16, 5/8 na 3/4, pamoja na kopo la bolti za UNF, ni matumizi bora kuliko rangi mpya.

Kwa nini nang'ang'ana hivi? Kwa sababu hazitengenezwi tena, na kuziagiza si rahisi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na hapa kwetu gari kuukuu linatozwa ushuru wa ziada. Zile zilizoingia enzi hizo, pamoja na zilizounganishwa na Leyland Kenya pale Thika, ndizo tulizonazo. Spea zake bado zinatengenezwa mpya, gasketi kwa springi, kwa kuwa dunia nzima ina watu wanaozitunza. Gari lililobaki na chesisi, ukuta wa injini na namba zake linaweza kufufuliwa na mjukuu. Lile ambalo tayari limekatwa, likachomelewa boriti za reli na kupoteza namba, lifanywe gari la kazi bila kinyongo. Halitarudi kuwa la kiwandani, na anayeliuza akisema ni orijino anamwibia mnunuzi.

Mwisho, kwa wanaong'oa injini wiki hii. Usiiuze kwa kilo. Mwaga maji yote, iache na oili safi, fungua plagi umwagie oili vijiko viwili kila silinda, izungushe kwa mkono mara mbili, rudisha plagi, ziba matundu ya maniufoldi kwa mbao au mpira. Iweke juu ya magogo, si juu ya udongo, na ifunike kwa turubai lenye nafasi ya hewa. Andika namba yake kwenye bati dogo uifunge kwa waya. Bolti zake ziingie kwenye kopo lenye oili, na kopo lining'inizwe kwenye injini yenyewe. Injini mpya ikishafungwa, peleka namba yake iandikwe kwenye kadi ya gari kabla ya trafiki kuiuliza.

Wako,
Fundi wa Land Rover,
Arusha